Namba ya Kiatu Isikupige Chenga Tena: Vidokezo 6

Shangazi yuko Minneapolis, anakuja likizo, na swali limeingia kwenye simu: "Unavaa namba ngapi?" Ukajibu 39, haraka kabla hajabadili mawazo. Naye akarudi: "Mwanangu, huku 39 labda wavishe tembo." Usikate tamaa, raba zako zinakuja. Soma hapa chini.

1. Pima mguu, si kiatu cha zamani
Subiri jioni, mguu ukiwa umeshavimba kidogo kwa mihangaiko ya siku. Weka karatasi sakafuni, kisigino kiguse ukuta, simama wima, kisha tia alama penye ncha ya kidole kirefu kuliko vyote (si lazima kiwe gumba!). Pima kwa rula. Rudia mguu wa pili, maana pacha hawa mara nyingi hawalingani, halafu chukua kipimo cha ule mkubwa. Kihifadhi kwenye simu. Hicho ndicho kitambulisho chako cha kimataifa.

2. Hesabu ya dakika moja
Unataka namba ya Ulaya, hii tuliyoizoea ya 38, 39, 40? Chukua sentimita zako, ongeza 1.5 ili vidole vipate pa kupumulia, kisha zidisha kwa 1.5. Mguu wa sentimita 24.5: ukiongeza unapata 26, ukizidisha unapata 39. Umemaliza! Na ukikuta 245 ndani ya kiatu cha China, usishtuke. Ni milimita za mguu, wala si bei.

3. Mwingereza na punje yake ya shayiri
Hapa ndipo wengi wanapopotelea. Namba za Ulaya hupanda kwa theluthi mbili za sentimita. Za Uingereza hupanda kwa theluthi moja ya inchi, ambayo zamani ilikuwa urefu wa punje ya shayiri, kama milimita 8.5. Ngazi hazilingani, kwa hiyo usitegemee zikutane sawasawa. Mmarekani naye anatumia ngazi ileile ya Mwingereza, ila anaanza kuhesabu mapema, tena ana hesabu mbili: ya wanaume na ya wanawake. Kwa makadirio, chukua namba ya Uingereza, ongeza 1 kwa kiatu cha kiume, au 2 kwa cha kike. Basi 39 yako ni kama 6 ya Uingereza, na shangazi atafute 8 ya kike. Mkumbushe neno "ya kike", la sivyo utaletewa mtumbwi.

4. Soma ulimi wa raba
Ndani ya ulimi kuna lebo yenye namba nne au tano. Ruka zote, tafuta CM au JP, kwa sababu Wajapani hupima viatu kwa sentimita. Kwa nini uruke zingine? Raba ya kiume ya Adidas yenye 8 ya Uingereza kwa kawaida huandikwa sentimita 26.5, ilhali ya Nike yenye 8 hiyohiyo huandikwa 27. Namba moja, viatu viwili!

5. Kwa watoto, 1 inaizidi 13
Namba za watoto za Uingereza hupanda hadi 13, kisha zinaanza upya na 1. Ukimwagizia kijana wa darasa la pili namba 1, hujakosea. Ukimwagizia kichanga, utasubiri miaka.

6. Mtumba usio na lebo? Beba kamba
Kabla ya kwenda soko la Gikomba au la Karume, kata kamba yenye urefu wa mguu wako ukiongeza sentimita moja. Ilaze ndani ya kiatu kutoka kisigino hadi mbele. Ikijikunja, kiatu hicho si chako. Kama soli ya ndani inatoka, itoe uikanyage, uone vidole vinaishia wapi. Muuzaji atacheka, kisha ataapa, "Kitafunguka tu, dada!" Ngozi hutanuka kwa upana, haiongezeki urefu. Mrudishie kiatu chake, mwachie tabasamu, sogea meza inayofuata.