Zoezi la Ufahamu: Bei ya Gari na Gharama ya Gari

Soma kifungu kifuatacho kwa makini, kisha jibu maswali yanayofuata.

Mfanyabiashara mmoja wa viazi mkoani Njombe alikuwa na akiba ya shilingi 16,000,000. Alitaka gari lenye kimo la kupita kwenye tope la masika. Dalali alimwonesha Toyota RAV4 iliyotumika ya shilingi 14,500,000. "Mama, lipa leo, kuna mteja mwingine yuko njiani," alimhimiza.

Mama hakulipa. Alimwita fundi, naye akaiwasha injini ikiwa imepoa. Ilitoa moshi wa buluu, dalili kwamba oili inaungua ndani ya injini. Odometa ilionesha kilomita 70,000 tu, lakini pedali ya breki ilikuwa imelika na usukani umechubuka. Chini, kutu ilikuwa imeanza kula chasisi.

"Mama, kutengeneza injini ni shilingi 2,500,000. Matairi manne ni 1,200,000. Kutu sijaihesabu," fundi alisema.

Mama alijumlisha: 18,200,000, kabla ya bima na kubadilisha kadi ya gari. Alimshukuru dalali, akarudi nyumbani na akiba yake.

Maswali
1. Taja dalili tatu zilizoonesha ubovu wa gari.
2. Kwa nini odometa ilitiliwa shaka?
3. Dalali alitumia mbinu gani kumshawishi mama?
4. Mama angepungukiwa shilingi ngapi?
5. Andika methali moja inayoafiki uamuzi wa mama.