Wi-Fi ya kliniki: wagonjwa huku, rekodi kule

Kliniki ndogo nyingi zinazopokea malipo kwa Till zinafanana: mapokezi, chumba cha daktari, maabara ndogo na famasia pembeni. Ruta ni moja, paswodi ni moja, na hiyo paswodi imebandikwa ukutani ili wagonjwa wasichoke kungoja. Tuanzie hapo kwa ukuta.

Mgonjwa akishatumia paswodi hiyo, simu yake imeingia kwenye mtandao uleule wa kompyuta ya mapokezi, printa na rekodi za wagonjwa. Huenda hana nia mbaya. Lakini simu yake inaweza kuwa na programu mbovu, na mtu mjanja akiketi kwenye benchi na laptop yake anaweza kupekua folda mlizoacha wazi ili daktari na mapokezi watumiane faili. Na humo ndani si mchezo: majibu ya HIV, mambo ya uja uzito, nambari za kitambulisho na za simu. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, habari za afya ni data nyeti. Zikifikiwa na mtu asiyeruhusiwa na kuna hatari ya kumdhuru mgonjwa, kliniki inatakiwa kumjulisha Kamishna wa Data ndani ya saa 72. Kuwa na vyumba vitatu tu hakukuondolei wajibu huo.

Kutenganisha si kazi kubwa, na mara nyingi huhitaji kununua kitu. Ruta nyingi za siku hizi zinaweza kutoa Wi-Fi mbili. Mwambie fundi awashe mtandao wa wageni, kisha ahakikishe wageni hawafikii vifaa vya ndani. Jaribu mwenyewe: ingia kwa Wi-Fi ya wageni na simu yako, uone kama unaweza kuifikia printa ya mapokezi. Ukiifikia, kazi haijaisha, kwa hivyo usimlipe bado. Akiwa hapo, abadilishe pia paswodi ya kuingilia mipangilio ya ruta, ile iliyo kwenye kibandiko chini yake. Wengi hubadilisha ya Wi-Fi pekee, hiyo nyingine wakaisahau.

Kompyuta zisizohama, kama ya mapokezi na ya maabara, ziunganishe kwa waya. Waya mmoja unaweza kufika mita 100, ambazo kliniki ndogo haizimalizi. Kila mfanyakazi awe na jina na paswodi yake, ili akiacha kazi umfungie yeye peke yake.

Simu ya Till nayo iwe ya kazi tu, si ile ya keshia ya kubetia na kuangalia video. Isiingie Wi-Fi ya wageni. Fundi wa mtandao hahitaji PIN yako kwa kazi yoyote ile, na sisi hatutakupigia kuiuliza, hata mtu aseme anapiga kutoka kwetu “kurekebisha mtandao”. Kata simu.

Stima ikipotea, UPS ndogo itaiweka ruta hai kwa muda, maana haili umeme mwingi. Intaneti ikikatika kabisa, malipo hayasimami: mgonjwa hulipa kupitia menyu ya simu yake, ambayo haihitaji data. Hapo ndipo matapeli hupenda kusema “mtandao uko chini, lakini angalia, meseji nimepata.” Usisome meseji kwa simu yake. Subiri iingie kwa simu yako ya Till, au angalia salio, ndipo dawa itoke.

Mwisho ni nakala za rekodi. Weka kwenye diski ya nje kila jioni, na diski isilale kliniki, kwa sababu mwizi akibeba kompyuta ataibeba nayo. Mara moja kwa mwezi, fungua faili moja kutoka kwenye diski hiyo uone kama inasomeka.