Wataalamu Hujuaje Kwamba Wasemayo ni Kweli? Somo Kutokana na Mbu wa Malaria

Ndugu msomaji, mara nyingi huulizwa: Wataalamu wa elimu ya viumbe hai hukisia tu, au wanayo njia ya kupambanua kweli na kosa? Jawabu ni kwamba njia ipo, nayo ina hatua zinazojulikana. Ili jambo hili liwe wazi, tuchukue mfano wa maradhi tunayoyafahamu sana katika nchi zetu, yaani malaria.

Zamani watu wa Ulaya waliamini kwamba homa hii hutokana na hewa mbovu ya vinamasi. Jina lenyewe, kwa asili yake ya Kiitaliano, maana yake ni hewa mbaya. Imani hiyo haikuwa ya kipumbavu, kwa kuwa ni kweli kwamba wakaao karibu na vinamasi waliugua zaidi. Lakini mambo mawili kuandamana si hoja ya kutosha kwamba moja ndilo sababu ya jingine.

Kwanza: Kutazama. Mwaka 1880, Alphonse Laveran, daktari Mfaransa aliyekuwa Algeria, aliona kwa hadubini vijidudu hai ndani ya damu ya wagonjwa. Basi swali likawa: Vijidudu hivi huingiaje mwilini?

Pili: Kuweka dhana. Daktari Patrick Manson wa Uingereza alidhani kwamba mbu hufyonza vijidudu pamoja na damu, kisha hufa majini, na watu huambukizwa kwa kunywa maji hayo. Sehemu ya kwanza ya dhana hii ilikuwa sahihi, na ya pili ilikuwa kosa. Je, nani angeweza kuzitenga kwa kufikiri peke yake?

Tatu: Kujaribu. Ronald Ross, daktari wa jeshi nchini India, aliwapa watu maji ya namna hiyo. Mmoja akashikwa na homa. Mtu mwenye haraka angetangaza ushindi, lakini Ross alilirudia jaribio kwa wengine, na matokeo hayakuiunga mkono dhana. Akaendelea kuwapasua mbu muda mrefu bila kufanikiwa, kwa sababu alitumia aina wasiohusika. Tarehe 20 Agosti 1897, mjini Secunderabad, alimpasua mbu mwenye mabawa ya madoadoa, aliyefyonza damu ya mgonjwa siku nne kabla, akaviona vijidudu katika ukuta wa tumbo lake. Mwaka 1898, mjini Calcutta, akichunguza malaria ya ndege, alivikuta katika tezi za mate za mbu, na ndege wazima walioumwa na mbu hao wakaambukizwa. Mwaka huohuo Giovanni Battista Grassi na wenzake wa Italia walithibitisha kwamba mbu aina ya anofelesi ndiye amwambukizaye binadamu.

Nne: Kulinganisha. Katika mwaka 1900 madaktari Sambon na Low walikaa miezi kadhaa karibu na Roma, mahali palipojulikana kwa malaria, katika nyumba iliyozibwa kwa wavu wa waya. Walivuta hewa ileile ya vinamasi kama jirani zao, lakini wao hawakuumwa na mbu, wala hawakuugua. Kadhalika mbu wenye vijidudu walipelekwa London, ambako hapakuwa na hewa ile, wakamuuma mwanawe Manson kwa hiari yake, naye akapata malaria. Hivyo hewa iliondolewa lawama.

Tazama, msomaji, jinsi kila mmoja alivyolisahihisha neno la mwenziwe, hata la mwalimu wake. Kukubali kosa hakukuiangusha elimu, bali ndiko kulikoijenga. Njia hiyohiyo ingali inatumika. Chanjo ya kwanza ya malaria iliyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2021 ilijaribiwa kwanza kwa watoto wa nchi saba za Afrika, Kenya na Tanzania zikiwamo, wakilinganishwa na watoto ambao hawakupewa chanjo hiyo.

Basi mtu akikuambia kwamba dawa fulani inaponya malaria kwa sababu jirani yake aliinywa akapona, mwulize: Ni wangapi waliinywa wasipone? Ni wangapi walipona bila kuinywa? Na ni nani mwingine aliyelirudia jaribio hilo? Asipokuwa na jawabu, mpeleke mgonjwa wako hospitali, akapimwe damu.