Punda Mgeni: Wiki Mbili Kabla ya Mzigo wa Kwanza



Kuna msemo unaopendwa sana sokoni na barabarani: "Punda afe, mzigo ufike." Hata katika mikutano ya vikundi tunausikia, na watu hucheka. Lakini hebu tufanye hesabu. Mzigo ukifika leo na punda akafa, kesho nani atachota maji? Katika sehemu kavu kama Kitui na Kajiado jibu linajulikana. Ni mama, na mtungi mgongoni.

Tena punda si rahisi kupatikana kama zamani. Hesabu ya mwaka 2009 ilionyesha kuwa Kenya ilikuwa na punda zaidi ya milioni 1.8. Ile ya mwaka 2019 ilionyesha karibu milioni 1.2 tu. Katikati ya miaka hiyo vilifunguliwa vichinjio vya punda kwa ajili ya biashara ya ngozi, na wizi ukaongezeka. Basi kikundi kikichanga pesa mwaka mzima kununua punda, halafu punda huyo aharibike kwa mwezi mmoja kwa sababu ya haraka, hiyo si hasara ndogo.

Mara nyingi mambo huenda hivi: punda ananunuliwa siku ya soko, anatembezwa mwendo mrefu hadi nyumbani, na kesho yake alfajiri anapakiwa mitungi. Hajui njia, hajui watu, na wenzake wamebaki mbali. Somo letu la leo ni kumpokea punda mgeni ili afanye kazi miaka mingi.

1. Siku za kwanza apumzike

Mtayarishieni mahali kabla hajafika: kivuli, pahali pakavu pa kulala, na ua usio na misumari wala mabati yenye makali. Msimfunge kamba mguuni. Kamba hukata ngozi, na kidonda kinaweza kuleta pepopunda, ambayo humshika punda kama inavyomshika mtu.

2. Chakula na maji

Muulizeni aliyewauzia alikuwa anamlisha nini. Mkiweza, chukueni gunia moja la chakula hicho. Mchanganyieni na cha kwenu kidogo kidogo kwa muda wa wiki moja, maana tumbo la punda halipendi mabadiliko ya ghafla. Nyasi kavu na mabua ya mahindi yanamfaa, bora yasiwe na ukungu. Maji yawe safi. Kwa siku anaweza kunywa lita 10 hadi 25, kulingana na jua na kazi.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Punda mwenye huzuni au hofu anaweza kukataa chakula. Asipokula, mafuta ya mwilini huanza kuingia kwenye damu na kuharibu ini, na anaweza kufa kwa siku chache tu. Kwa hivyo msiseme, "Akisikia njaa atakula." Akipitisha siku nzima bila kula, mwiteni daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.

3. Asikae peke yake

Punda ni mnyama wa urafiki. Kama kuna punda wengine bomani, mgeni atengwe kwa wiki mbili asije akaleta ugonjwa, lakini awekwe pahali anapoweza kuwaona. Kama hakuna, hata mbuzi wa karibu ni afadhali kuliko upweke.

4. Mchunguzeni mwili mzima

Tazameni meno ya mbele. Kama bado anabadilisha meno ya utoto, hajafika miaka mitano, na mifupa yake bado inakomaa. Punda wa chini ya miaka minne asibebeshwe mizigo. Angalieni vidonda mgongoni na kifuani, na mviache vipone kabisa kabla ya kazi. Inueni kila mguu mtazame kwato. Zikiwa ndefu au zimepasuka, zikatwe na mtu anayejua. Daktari wa mifugo awape ushauri kuhusu dawa ya minyoo na chanjo ya pepopunda.

5. Azoee mikono yenu

Wahenga walisema, "Asante ya punda ni mateke." Sisi tunauliza, kabla ya teke alitendewa nini? Farasi akiogopa hukimbia. Punda akiogopa, mara nyingi husimama pale pale na kutazama. Watu humwita mkaidi na kuchukua fimbo, na sasa ana mambo mawili ya kuogopa. Mpeni nafasi atazame, kisha atatembea.

Katika kikundi kila mtu hutaka zamu yake mapema. Tunashauri mtu mmoja au wawili wamshughulikie wiki hizo za kwanza. Wamwendee kutoka ubavuni, si nyuma. Wamguse shingo, mgongo, halafu miguu. Wasimshike masikio kwa nguvu. Wamtembeze bila mzigo hadi kisimani na kurudi, mpaka njia aijue. Orodha ya zamu iandikwe baadaye.

6. Matandiko na mzigo wa kwanza

Mwekeni magunia yaliyojazwa nyasi pande mbili za uti wa mgongo, ili uzito usikae juu ya mfupa. Kama atavuta mkokoteni, msimvishe nira ya ng'ombe. Punda hana nundu, yeye huvuta kwa kifua. Anahitaji mkanda mpana, laini, kifuani.

Mwanzo abebe mitungi mitupu, maana kelele zake ndizo humtisha. Akizoea, mitungi miwili nusu. Mwisho miwili iliyojaa. Mitungi miwili ya lita 20 ni kilo 40. Minne ni kilo 80, na punda wa kilo 150 hapaswi kupita kilo 50 hivi mgongoni.

Wengine watasema wiki mbili ni nyingi, maji yanahitajika leo. Ni kweli. Lakini kabla ya punda kuja, mlikuwa mnachota vipi? Vumilieni siku hizo chache zaidi. Punda anayetunzwa vizuri anaweza kufanya kazi zaidi ya miaka kumi. Punda asipokufa, mzigo utafika leo, na kesho pia.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Punda wetu wa mwisho alipumzika siku ngapi kabla ya kazi?
2. Ni nani atakayemshughulikia punda mgeni, na nani atamsimamia?
3. Je, tumetenga pesa za daktari pamoja na pesa za kununua?
4. Punda wetu akilala mgonjwa mwezi mzima, ni nani nyumbani atabeba mzigo wake?