Bakteria wa Udongo Wenye Spora



Mnyauko wa migomba ulipogunduliwa Muleba mwaka 2006, ukafika na Bukoba, wakulima walifundishwa kupitisha panga motoni. Moto huo watosha, kwani bakteria wake hana spora, yaani mbegu ya ganda gumu. Bakteria wa kimeta anayo, nayo hukaa udongoni miaka mingi.

Twawatambuaje wenye spora? Udongo hukorogwa katika maji safi, hupashwa moto digrii 80 kwa dakika 10. Wasio na spora hufa. Tone lake hupandwa katika chakula cha maabara, na waliosalimika huota. Wakitiwa rangi ya kijani kwa mvuke, kisha nyekundu, darubini huonyesha spora za kijani.

Basi ng'ombe akifa ghafula chini ya mikarafuu yetu, tusimchune wala kumpasua. Tumwite bwana mifugo.