Breki za Skida: Ya Kufanya na Yasiyofanywa

Orodha hii ni ya madereva, mautingo na mafundi wanaotoa magogo Masasi, Newala na wilaya jirani. Skida kamili, lile trekta linalojikunja katikati lenye winchi mgongoni, ni mashine ya mashamba makubwa kama Sao Hill kule Mufindi. Huku kwetu gogo hutoka zaidi kwa trekta la shamba, mnyororo na trela. Haidhuru: breki na haidroli huumwa magonjwa yaleyale, na mteremko wa kutoka Newala kwenda Masasi haumhurumii yeyote.

KABLA YA KUSHIKA SPANA

Fikisha mashine mahali tambarare. Shusha bleidi na makucha mpaka viguse ardhi, zima injini, chomoa ufunguo uutie mfukoni mwako mwenyewe. Ukiuacha kwenye swichi, kuna mtu atakuja kujaribu. Weka kabari za mbao upande wa chini wa magurudumu. Jiwe la kuokota njiani halitoshi. Kama ni skida, funga pini ya kiungo cha kati kabla mtu hajasimama baina ya matairi ya mbele na ya nyuma. Usukani ukisogea, nafasi hiyo hujifunga na mtu akiwa ndani.

Usilale chini ya kitu kilichoinuliwa na silinda peke yake. Trela la kumwaga, makucha, bleidi: kwanza gogo au stendi, ndipo kichwa chako. Hozi haipigi hodi kabla ya kupasuka.

Usifungue bomba la breki lenye presha. Mashine nyingi za aina hii zina chupa ya kuhifadhi presha, na chupa hiyo hubaki na nguvu hata injini ikizimwa. Kanyaga pedali mara nyingi mpaka presha iishe kabisa.

Usitafute panapovuja kwa kidole. Hili nalirudia kila siku na kila siku namkuta mtu anapapasa hozi. Mafuta ya haidroli hutembea kwa presha inayoweza kupita mara 20 ya upepo wa tairi la lori. Yakitokea kwenye tundu dogo hupenya ngozi kama sindano, na glavu haiyazuii. Pitisha kipande cha boksi kando ya hozi, ukiwa umevaa miwani, uone kitakapolowa.

Ukichomwa, nenda hospitali saa hiyohiyo: Mkomaindo, au Ndanda kama ndiko karibu. Kitundu kitakuwa kidogo na mwanzoni huenda kisiume sana, ndiyo maana watu hufunga plasta wakarudi kazini. Ndani, mafuta yanaua nyama, na baada ya saa chache mkono unavimba. Mtu wa namna hii huhitaji upasuaji wa haraka, na kuchelewa kumewagharimu watu vidole na mikono. Mweleze daktari waziwazi kwamba mafuta yameingia kwa presha, na utaje ni mafuta gani. Asiyeelezwa ataona kidonda kidogo tu.

KUTAFUTA UGONJWA

Anza na kisicho na gharama: kiwango cha mafuta, kisha rangi yake. Yakiwa meupe, yameingiwa na maji. Yakiwa meusi na yananuka kuungua, yamepata moto kupita kiasi. Yakiwa na mapovu, pampu inavuta hewa, na mara nyingi kosa liko kwenye bomba la kuvutia au kibano chake. Futa mfuniko wa tangi kabla ya kuufungua. Najua maji Newala ni ghali. Brashi na kitambaa kisichoacha nyuzi vinatosha.

Jiulize: ni kimoja au ni vyote? Winchi, usukani na breki vikilegea pamoja, tafuta pale vinapokutana: mafuta, filta, pampu, vali kuu ya presha. Ikilegea breki peke yake, iache pampu na ushughulikie njia ya breki. Swali hili moja lingeokoa pampu nyingi zilizobadilishwa bure.

Isikilize pedali. Ikizama polepole chini ya mguu uliotulia, sili za silinda kuu zimekwisha au pana mvujo. Ikipanda ukiipampu, kuna upepo; utoe, lakini kwanza ujue ulikoingilia. Ikiwa ngumu na mashine haisimami, kagua bitana za breki kama zimelowa mafuta au zimeng'aa kwa moto.

Usikaze skrubu ya vali ya presha bila geji. Utauficha uchovu wa pampu kwa wiki moja, kisha hozi itapasuka.

Usiilazimishe mashine itembee breki ya kuegesha ikigoma kuachia. Kwenye skida nyingi breki hiyo hushikwa na springi na kuachiwa na mafuta. Ikishika yenyewe, inakwambia presha haipo.

Zima injini, kisha kanyaga pedali huku ukiitazama geji. Presha ikiisha kwa kukanyaga mara moja au mbili, chupa imepungukiwa na naitrojeni. Ijazwe naitrojeni kavu tu, na mwenye vifaa vyake. USIJAZE OKSIJENI YA MTUNGI WA KUCHOMELEA. Oksijeni ikikutana na mafuta chini ya presha hulipuka. Upepo wa kompresa nao usitumike.

MAFUTA NA NJIA ZA MKATO

Usichanganye. Mafuta ya breki ya kopo la DOT 3 au DOT 4 na mafuta ya haidroli ni vitu viwili, na raba za mfumo mmoja huharibiwa na mafuta ya mwingine. Soma kitabu cha mashine au mfuniko. Maji ya sabuni si mafuta ya breki.

Usitumie kopo lililokaa wazi. DOT 3 mpya haichemki kabla ya nyuzi 205 za Selsiasi. Ikishanyonya unyevu, kiwango chake hushuka hadi 140 hivi. Katikati ya mteremko itachemka, na pedali itagonga sakafu.

Usikunje bomba la gurudumu linalovuja ili "ufike tu".

Funga pedali mbili za trekta pamoja ukiwa barabarani. Ukikanyaga moja tu, trela litakusukuma ubavuni. Chagua gia ndogo juu ya mteremko kabla hujaanza kushuka, na usiteremke na fri kamwe.

Tajiri akisema "huu ndio mzigo wa mwisho", kataa. Tajiri naye awe amemsajili kijana wake WCF (Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi), ni sheria.

Baada ya matengenezo jaribu mashine tupu, mahali tambarare, kisha kwa gogo moja, kisha mteremko mfupi. Jioni ya siku ya kwanza kagua tena nati za mabomba na upime mafuta upya.