Tamathali za Semi: Jina Lake na Kazi Yake



Mwanafunzi wa fasihi hufundishwa mapema kutaja tamathali: hii ni tashbihi, ile ni sitiari. Kutaja ni nusu ya jibu. Nusu ya pili ni kueleza tamathali hiyo inafanya kazi gani pale ilipo, na hapo ndipo wengi hupoteza alama. Msomaji wa Maandiko Matakatifu hupoteza zaidi ya alama, kwa kuwa akikosea aina ya usemi atakosea na ujumbe. Ndiyo maana Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Dei Verbum (1965), namba 12, unamtaka mfafanuzi azingatie aina za uandishi. Tutazame tamathali tano kwa mifano ya Biblia.

1. Tashbihi. Vitu viwili hufananishwa kwa maneno kama vile "kama", "mithili ya" au "mfano wa". Zaburi ya 1 inamfananisha mwenye haki na mti ulio karibu na maji, na waovu na makapi. Mti una mizizi. Makapi huchukuliwa na upepo. Tofauti yao tunaiona kwa macho kabla ya kuelezwa.

2. Sitiari. Kitu huitwa kingine moja kwa moja, bila neno la kufananisha. Katika Yohana 15 Yesu anajiita mzabibu, na wanafunzi wake matawi. Tawi likitengwa na shina hukauka. Sitiari hii inaonyesha kwamba uhai wa mwanafunzi unatoka kwa Bwana wake.

3. Tashihisi. Kisicho mtu hupewa tabia za mtu. Katika Isaya 55 miti inapiga makofi. Furaha ya watu wanaorudi kutoka uhamishoni ni kubwa kiasi kwamba hata viumbe vinashangilia.

4. Chuku. Jambo hutiwa chumvi kupita kiasi. Katika Mathayo 5 Yesu anasema habari ya kung'oa jicho linalokosesha. Hakuna anayetakiwa kushika kisu. Lakini pia mtu asiseme "hiyo ni chuku tu" kisha akaendelea na dhambi yake: maneno yamekuzwa ili uzito wa dhambi uonekane.

5. Kejeli. Msemaji hutamka kinyume cha anachokusudia ili kudhihaki. Katika 1 Wafalme 18 Eliya anawahimiza manabii wa Baali wapaze sauti zaidi, kwani huenda mungu wao amelala. Msomaji wa somo hili akilisoma kwa sauti ya ibada, waamini watadhani Eliya anamheshimu Baali.

Tutajuaje sasa kama usemi ni tamathali? Tusome yanayofuata. Katika Mathayo 16 Yesu anawaonya wanafunzi juu ya chachu ya Mafarisayo. Wanadhani anasema habari za mikate; anawasahihisha, nao wanatambua kuwa alimaanisha mafundisho. Katika Yohana 6 mambo ni tofauti. Wasikilizaji wanashtuka kusikia habari ya kula mwili wake, naye halegezi neno bali analikazia, hata wengi wanaacha kufuatana naye. Kanisa linapofundisha kwamba Kristo yumo kweli katika Ekaristi, linaona kuwa mwendo huo wa sura una uzito.

Zoezi: Chukua Injili ya Dominika ijayo. Tafuta tamathali moja, itaje, kisha andika sentensi mbili: inatuonyesha nini, na tungekosa nini kama mwandishi angesema jambo hilo kwa maneno ya kawaida? Ukiweza kujibu swali la pili, umeielewa tamathali hiyo.